Produsa na Programu Zake

Kulikuwa na fundi mmoja wa fremu za picha ambaye mtaa mzima ulimwita Produsa, ingawa hakuna mtu aliyewahi kusikia wimbo wake hata mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jina hilo alijibandika mwenyewe, watu wakalipokea kwa kicheko, nalo likamganda kama gundi. Mchana alikata mbao na vioo karakanani, akizungushia fremu picha za maharusi na za mahafali ya watu. Jioni alirudi nyumbani mbio, akanawa vumbi la mbao usoni, akaketi mbele ya kompyuta yake na kuvaa hedifoni kubwa kama vikombe vya chai. Hapo hakuwa fundi tena. Alikuwa bwana wa muziki wa kompyuta, mpika midundo ambaye dunia ilikuwa bado haijabahatika kumjua.

Aliishi katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na shangazi yake, ndugu wa baba yake, aliyewalea yeye na mdogo wake tangu wazazi wao walipotangulia mbele ya haki. Shangazi alikuwa amestaafu umatroni katika shule ya bweni ya wasichana. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini sauti yake ilikuwa na mwili wa pili. Ilisemekana kwamba kengele ya bweni lile iliota kutu kwa kukosa kazi, maana Shangazi alipokohoa tu mlangoni, mabinti wote walikuwa wima kando ya vitanda vyao.

Jioni moja mdogo wake Produsa aliingia, taulo shingoni, jasho likimtiririka. Huyu alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na wanafunzi wake walimwita Kocha. Wanafunzi wenyewe walikuwa akina mama wa mtaani waliokusanyika nyuma ya ghala la saruji kunyoosha viungo. Lori la saruji lilipotaka kupita, walikimbilia ukutani. Likishapita, walirudi wakiwa weupe kama waliopakwa unga.

"Kaka, nimekuja na shida," alisema.

"Shida yako ni yangu, mdogo wangu. Sema."

Kocha akaeleza. Hospitali ya mji ilikuwa inatafuta mwalimu wa mazoezi kwa wafanyakazi wake na kwa wagonjwa wanaopata nafuu. Vikundi vingeonyesha mazoezi yao Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika ukumbi wa hospitali, na kitakachopendwa kingepata kazi hiyo pamoja na ukumbi wa kufanyia mazoezi. Sharti lilikuwa moja tu: kila kikundi kije na wimbo wake chenyewe, kwa kuwa hospitali ingerekodi video na haikutaka ugomvi na wenye nyimbo zao.

"Nataka dakika tano tu," alisema Kocha. "Uanze polepole, uchangamke, halafu utulie. Kazi yangu ya dukani nimeshaiacha kwa ajili ya hili, kaka. Nikikosa, itabidi nirudi kumpigia magoti yule bosi."

Produsa alijipiga kifua. "Dakika tano? Hizo ni za kupigia mswaki! Nitakupa wimbo utakaowafanya wagonjwa watupe magongo dirishani."

"Ulimi hauna mfupa," ilisikika sauti ya Shangazi kutoka jikoni.

Kocha aliondoka akiwa mwepesi kama unyoya. Naye Produsa akaanza kazi mara moja. Lakini hakuanza kutunga. Alianza kuchagua.

Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kutungia muziki aliyoikuta humohumo aliponunua mashine hiyo kwa mtu. Ilikuwa ya bure, na hilo ndilo lililoiponza. "Mtu mzima na akili zake," alijisemea, "hawezi kwenda hospitalini na programu ya bure. Wimbo utalia kama kengele ya mlango." Akafungua simu na kuingia katika kundi la watunzi wenzake, akauliza: "Wakuu, kwa wimbo wa mazoezi, programu ipi ni kiboko?"

Ilikuwa kama kutupa mfupa mmoja katikati ya mbwa kumi. Mmoja aliapa kwamba programu yenye uso wa kijivu ndiyo inayotumiwa na wakubwa wote. Mwingine akajibu kwamba kijivu ni ya watu wasio na masikio, na kwamba mwenye akili hutumia ile ya bluu. Wa tatu alisema aliyesema bluu hajui hata besi ni nini. Walibishana kama mashabiki wa timu mbili zilizotoka sare. Produsa alisoma kila neno, huku kichwa kikimzunguka kama pia.

Alianza na ya kijivu. Aliipakua, akaisakinisha, akaifungua, akakuta visanduku vingi kama madirisha ya ghorofa. Ikabidi atazame video za mafunzo. Mwalimu wa video alikuwa mtu mkarimu mno, aliyewashukuru watazamaji kwa muda mrefu kuliko aliofundisha. Jioni kadhaa zikapita. Hatimaye Produsa alipata mdundo mfupi wa kuanzia, akausikiliza mara nyingi akitikisa kichwa, kisha akaamua kwamba ngoma zake hazina kifua. Akahamia ya bluu. Huko nako alipata mwanzo mwingine mzuri, lakini kinanda chake kilisikika kama kinapigwa chini ya ndoo. Akahamia ya tatu, iliyokuwa na vitufe vya kuzungusha kuanzia juu ya kioo hadi chini. Alizungusha kimoja, ngoma zikapotea. Akazungusha kingine, zikarudi zikiwa na mafua.

Hata hivyo, hiyo ya tatu ndiyo iliyompa bahati, kama bahati ndilo neno lake. Siku moja ya mapumziko, Shangazi akiwa amekwenda kutembelea rafiki, wazo lilimjia Produsa zima zima. Vidole vilikimbia vyenyewe. Ngoma zikakaa, besi ikafuata, kinanda kikaitikia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akavuka mwanzo na kufika katikati ya wimbo. Alisimama akacheza peke yake hadi soksi moja ikamtoka mguuni. Kisha akabonyeza pa kuhifadhia. Maandishi yakatokea kwenye kioo: toleo hili la majaribio lina kila kitu, ila halihifadhi kazi.

Produsa alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Ikiwa haihifadhi, basi kompyuta ikizimwa, wimbo umekwenda na maji. Akakata shauri kutoizima kabisa mpaka atakapopata njia. Asubuhi alipokwenda kazini aliifunika kwa kitambaa, akaiaga kama mtu anayemwacha mgonjwa mahututi wodini.

"Shangazi, tafadhali, chonde chonde, usiiguse kompyuta hii."

"Niiguse niitafutie nini?" alijibu Shangazi.

Aliporudi jioni alikuta kitambaa kipo palepale, lakini ule mngurumo mdogo wa feni haukusikika. Kando ya meza Shangazi alikuwa ananyoosha gauni lake kwa pasi, akiimba kwa raha zake.

"Shangazi! Nani amezima kompyuta?"

"Sijui. Na nguo zangu za mkutano wa wastaafu zingejinyoosha zenyewe?"

"Si nilikuomba usiiguse?"

"Kompyuta sikuigusa, baba. Nimegusa waya."

Produsa aliteleza ukutani hadi akakaa sakafuni. Shangazi aliposikia kilichotokea aliingiwa na huruma, akaweka pasi pembeni. "Pole, mwanangu. Lakini si kitu ulichokitoa kichwani mwako mwenyewe? Basi bado kimo. Kipakue tena kingali cha moto."

Ushauri huo ulikuwa wa dhahabu, lakini uliangukia sikio la kufa. "Hapana," alisema Produsa akijikung'uta suruali. "Tatizo ni programu. Nikipata programu ya kueleweka, mambo yatakwenda yenyewe." Jioni hiyohiyo akapakua ya nne.

Siku hazigandi. Jumatano ya wiki ya maonyesho, Kocha alikuja kuuchukua wimbo wake. Alikaa kitandani, akafunga macho ili asikie vizuri. Produsa akabonyeza wa programu ya nne. Mdundo ukatoka, mtamu, wa kutingisha mabega. Kocha akaanza kuhesabu hatua kwa vidole, uso umemchangamka. Mara kimya.

"Endelea," alisema bila kufumbua macho.

"Umeishia hapo."

"Huo si ni mwanzo, kaka?"

"Ngoja usikie wa programu ya bluu." Akabonyeza. Ukatoka mwanzo mwingine, nao ukakatika kama kamba mbovu. Akacheza wa kijivu.

Kocha akafumbua macho. "Kila mmoja mwanzo. Mwisho uko wapi?"

"Mwisho utakuwa kwenye programu nyingine. Kuna moja wameisifu sana kundini, nai—"

"Hao wa kundini, kuna hata mmoja wao aliyewahi kukutumia wimbo uliokwisha?"

Produsa alijaribu kukumbuka. Wote hao kila siku walikuwa wanapimana majembe, na hakuna aliyemwona mwenzake na gunia la mavuno.

Kocha aliinuka taratibu, akachukua taulo lake. Hakupandisha sauti. "Kaka, mimi sikuomba programu. Niliomba wimbo. Kama huna, ungeniambia mapema." Akatoka. Mlango ulifungwa polepole, na kufungwa huko kwa polepole kuliuma kuliko ungebamizwa.

Mtu mwingine angezinduka hapo. Produsa alizinduka, naam, lakini akakimbilia upande uleule. Siku iliyotangulia maonyesho aliomba ruhusa kazini na kuanza kusakinisha programu ya tano, ile iliyosifiwa, juu ya zile nne zilizokuwa zimejazana humo kama magunia ghalani. Kompyuta ilivumilia kidogo. Halafu feni ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kioo kikaganda, kikawa cheusi, kikabaki hivyo. Produsa aliiwasha, akaizima, akaipapasa, akaibembeleza kwa majina mazuri. Haikuitika. Akaibeba kwapani hadi kwa fundi wa kompyuta.

Fundi alifungua kifuniko, akachungulia, akatikisa kichwa. "Umeigeuza stoo hii, ndugu yangu. Niachie. Njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Mimi shughuli yangu ni kesho!"

"Basi kesho fanya shughuli, wiki ijayo chukua kompyuta."

Produsa alirudi akiburuta miguu. Njia yake ilipita nyuma ya ghala la saruji, na huko aliwakuta Kocha na akina mama wake wakijiandaa. Hawakuwa na muziki wowote. Walipiga makofi, naye Kocha alikuwa anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, inua, moja, mbili, tatu, shusha. Sauti ilikuwa imemkauka, imebaki mkwaruzo. Lori likapiga honi, wote wakakimbilia ukutani, vumbi likawafunika, kisha wakarudi, naye akaendelea kuhesabu alipoishia. Alimwona kaka yake. Alimpungia mkono tu, kama mtu anavyompungia jirani, akaendelea na hesabu yake.

Produsa aliona heri angetukanwa. Alitembea hadi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, jua la mchana likimchoma kisogo. Alitoa simu mfukoni bila kujua anataka kufanya nini nayo. Humo kulikuwa na programu ndogo ya muziki, ya bure, yenye picha ya tembo aliyeshika ngoma, aliyoipakua zamani kumnyamazishia mtoto wa jirani. Ilikuwa na ngoma nne, kinanda kimoja na kitufe cha kurekodi sauti. Basi. Hapakuwa na la kuchagua. Ngoma zenyewe ndizo hizo, ukizipenda, hizo, usipozipenda, hizohizo.

Akapiga moyo konde, akaanza. Ule wimbo uliozimwa na pasi ulikuwa bado umo kichwani, kama Shangazi alivyosema. Aliupanga upya kwa kidole kimoja. Ngoma ya tembo ilikuwa nyembamba, basi akaipa kazi nyingi. Kinanda kilikuwa kikali, basi akakipiga kwa uchache. Mwanzo ulipokwisha alihisi ile hamu yake ya kuhama, lakini hapakuwa na pa kuhamia. Ikabidi aende mbele. Akaingia katikati ya wimbo, akapitiliza.

Alitaka pia sauti ya makofi, kama yale ya akina mama. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaanza kupiga makofi kwa mpango. Wakati huohuo Shangazi akatokea mlangoni na beseni la nguo, akamkuta mwanaume mzima amekaa mchana kweupe anajipigia makofi. Ile sauti ya bwenini ikaamka.

"Bado umekaa? Inuka! Inuka, inuka! Mwili haujengwi kwa kukaa!"

Produsa aliruka wima, beseni likamkosa kidogo. Alikuwa na hasira ya kurekodiwa upuuzi juu ya makofi yake, akataka kufuta. Kabla hajafuta, akasikiliza. Sauti ya Shangazi ilikuwa imeangukia juu ya mdundo barabara, kama iliyopimwa kwa rula. Akasikiliza tena, akaanza kucheka peke yake.

"Shangazi, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Kunifokea."

"Hilo nalo la kuombwa?" alisema Shangazi. Akaweka beseni chini, akajifuta mikono, akafungua kifua. "Nyoosha mgongo, wewe! Unatembea kama alama ya kuuliza! Pumua! Mbona unapumua kama mtu anayeiba hewa?" Alipata moto, akasahau simu, akasahau mpwa wake; akawa yuko tena kati ya vitanda vya wasichana wake. Mwishowe, kwa sauti ya chini ambayo Produsa hakuwa ameisikia tangu utotoni, akasema: "Haya. Mmefanya vizuri leo. Taratibu sasa. Taa zizimwe. Kalaleni."

Produsa aliubusu mkono wa shangazi yake uliokuwa bado na povu la sabuni.

Jua lilikuwa halijazama alipomfikia Kocha. Kocha aliweka simu sikioni kwa shingo upande, akitazama chini. Sauti ya Shangazi iliposema "Inuka!" aliruka kutoka kitini kabla hajajijua, kisha akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka. "Kaka! Na mwisho upo?"

"Upo. Shangazi anatulaza."

Jumamosi ukumbi wa hospitali ulifurika. Wagonjwa waliletwa na bandeji zao, wengine katika viti vya magurudumu. Vikundi vilivyotangulia vilikuwa na sare zinazong'aa na nyimbo nzito zilizotikisa vioo. Watu wakapiga makofi ya heshima. Kwenye meza ya majaji mganga mkuu, mtu mnene aliyetoka zamu, alikuwa anasinzia kwa adabu, kidevu juu ya tai.

Kikundi cha Kocha kikaingia na fulana za kila rangi. Wimbo ukaanza. Ngoma ilikuwa nyembamba, na kinanda kilichelewa kidogo mahali fulani. Produsa, nyuma ya ukumbi, aliuma kucha. Ndipo spika zikapaaza: "Bado umekaa? Inuka! Inuka, inuka!"

Mganga mkuu aliruka wima, akafunga vifungo vya koti haraka haraka, akaitika kwa nguvu kama kijana aliyeamshwa bwenini: "Ndiyo, matroni!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mganga mkuu aliangaza huku na huku, akaona aibu kukaa tena, basi akanyoosha mikono akafuata mazoezi pamoja na akina mama. Majaji wenzake wangefanyaje? Wakainuka nao. Mgonjwa aliyekuwa na mkono mmoja mzima aliinua huo mmoja. Iliposemwa "Nyoosha mgongo!" safu nzima ya wagonjwa ilinyooka kama rula. Shangazi, aliyekaa mstari wa pili, alirekebisha kitambaa chake cha kichwa na kutazama mbele kama mtu asiyehusika. Na sauti iliposhuka ikasema kalaleni, akina mama walilala juu ya mikeka yao, ukumbi ukanyamaza kimya, na mzee mmoja katika kiti cha magurudumu akaanza kukoroma kwelikweli.

Uamuzi haukuchukua muda. "Wagonjwa wangu hawanisikii mimi," alisema mganga mkuu, akijifuta jasho. "Lakini huyo mama watamsikia." Kocha alimkumbatia kaka yake kwa nguvu hadi hedifoni zilizokuwa shingoni zikamchubua kidevu. Hakusema lolote juu ya siku zile za nyuma, na kwa hilo Produsa alimshukuru kuliko kwa pongezi zote.

Tangu hapo Produsa akawa produsa. Walimu wengine wa mazoezi walimjia, akatunga wimbo wa pili, akaumaliza. Wa tatu, akaumaliza nao. Sifa zilipoenea, kinyozi wa barabara ya pili alimfuata nyumbani.

"Produsa, na mimi nina nyimbo tele kichwani," alisema. "Ila sitaki kuanza ovyo. Niambie, programu ipi ndiyo bora kuliko zote?"

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Basi keti hapa, tuanze sasa hivi."

Kinyozi aliigeuza simu yake, akaitazama mbele na nyuma, akaguna. "Na hii? Hapana, kaka. Acha kwanza niulizeulize."

Akaenda kuulizauliza. Mpaka leo, ukipita kibandani kwake, utamkuta mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu inasubiri, huku kinyozi akimwonyesha picha za programu na kumuuliza ipi ni kali zaidi. Nyimbo zake tele bado zimo kichwani mwake, na hakuna aliyesikia hata moja. Ama kweli, wahenga hawakukosea waliponena: mchagua jembe si mkulima.